Maganda Laini Kabla ya Arobaini

Mama Asha,

Sijatulia. Tangu alfajiri naingia bandani na kutoka, mpaka kuku wako wananishangaa. Nakuandikia nimesimama, karatasi juu ya pipa la pumba.

Tulipokuzika, vijana walifunga turubai uani kote, na kuku wakahamishiwa ile stoo isiyo na dirisha wasisumbue waombolezaji. Turubai likarudi kwa mwenyewe; kuku wakabaki gizani. Chakula walipata, maji walipata. Baadaye mayai yakaanza kutoka laini, ukiyashika yanabonyea.

Mdogo wako Hadija alipoyaona akasema, "Shemeji, hawa wamezeeka. Arobaini imebaki wiki mbili. Tuwachinje, wageni wale pilau."

Nikaanza kumfafanulia. Unanijua. Chokaa ya ganda ipo tele kwenye chakula, yale magamba ya konokono wa ziwani uliyokuwa ukitwanga. Ila bila vitamini D chokaa hiyo humpita kuku tu, haifiki kwenye yai. Vitamini hiyo kuku huitengeneza mwenyewe ngozi yake ikipigwa na jua. Akikosa jua, na chakula ni hiki cha kuchanganya wenyewe, sharti aongezewe.

Hadija akanikata: "Mwalimu, ulishastaafu! Haya, nakupa mpaka Alhamisi ya kabla ya shughuli."

Nikawarudisha kwenye banda lako la wavu, nikaenda sokoni Mwanga kununua unga wa vitamini. Maji yenye dawa nayaweka kivulini, maana jua hilo hilo linalomfaa kuku huiharibu vitamini iliyo majini. Kila asubuhi nayamwaga, nachanganya mapya. Kila yai naligonga kwa ukucha. Laini. Laini tena. Nikaanza kugombana nao kwa majina uliyowapa: wewe Bi Harusi, wewe Mpiga Soga, mnataka kisu?

Nikiwaita kama ulivyowaita, "Njooni wanangu, njooni," hawanijii. Wanainua shingo na kutazama mlangoni. Wakichinjwa hao, Mama Asha, nani mwingine humu ndani atakayekuwa bado anakungoja pamoja nami?

Leo ndiyo Alhamisi. Hadija kaja na bakuli, kachukua yai la asubuhi, kaligonga ukingoni. Halikupasuka. Kagonga tena, ko! Akacheka, kisha akajifuta macho kwa khanga.

"Haya, wageni watakula samaki, migebuka ya ziwani. Kuku umewatoa stoo, shemeji. Na wewe unatoka lini? Tangu msiba hujafika hata msikitini."

Nikachukua karatasi, nikaja kwenye pipa hili kukuandikia.

Pumzika, mke wangu. Kesho nitakwenda Ijumaa, kisha nitakichukua kigoda chako nikae penye jua, karibu na wavu, niwaite kwa maneno yako. Nitawaita mpaka waje.

Baba Asha