Sumaku Mbili za Gitaa ya Mutinda

Jumatatu, 4 Agosti 1986

Nasalimu baba Mutinda, ako nje anapiga randa. Nasalimu susu, mama yake, anaota jua pale ukutani. Nasalimu Mutinda, mtoto wangu wa mwisho, na gitaa yake. Nasalimu Ndunge binti yangu huko Kitui alikoolewa, na mume wake, na kale katoto kao kalikoanza kutembea. Nasalimu Kimeu, kifungua mimba wangu, popote alipo huko Mombasa. Sisi huku Mbooni tunapumua, baridi tu.

Mwalimu wa gumbaru, ile shule ya watu wazima, alisema tuandike mambo yetu kila siku, hata kama hakuna wa kusoma. Lakini mimi najua kuandika barua tu. Kwa hivyo nimeanza na salamu.

Leo napukuchua mbaazi. Ukungu umechelewa kutoka. Mutinda hajala tangu asubuhi, anakuna nyuzi tu.

Kuna kwaya ya kanisa Kitui mjini. Wanataka kutoa kaseti na hawana mtu wa kupiga gitaa ya solo. Mzee wa hiyo kwaya ana karakana ya mbao, na atakayechukuliwa atapata na kazi. Watawajaribu vijana wiki ijayo, Ijumaa. Mutinda amesema asipochukuliwa ataenda Mombasa kutafuta kibarua. Kimeu naye alisema hivyo hivyo. Alipofika alituma neno. Tangu hapo kimya, na hiyo ni miaka.

Naogopa. Basi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimejifunza kitu. Chini ya nyuzi za gitaa ya stima kuna sumaku imezungushiwa waya mwembamba kama nywele. Hiyo ndiyo inashika sauti na kuipeleka kwa spika. Vijana wanaiita pikapu. Mimi nasema sumaku.

Ile ya Mutinda ni nyembamba, kama kidole. Fundi wa redio wa Tawa amempa ingine pana, ni kama mbili zimelala pamoja kitanda kimoja. Nimeiita pacha. Fundi alimwambia, "Jaribu zote. Moja ibaki kwako, ingine unirudishie Jumamosi."

Pacha haikuingia kwa tundu. Baba Mutinda akachukua patasi akapanua ule ubao. Nilijifunika uso na leso. Kama ungepasuka tungekuwa tumemaliza mtoto. Haukupasuka. Namshukuru Mungu kwa mikono ya huyu mwanamume.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku nzuri sana. Hata isyo, mahindi yetu na maharagwe, ilichelewa na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu chuma cha kuunganisha waya kilikuwa kwa jiko langu badala ya sufuria.

Mutinda alileta betri ya gari, akafunga spika, tukakaa uani kama watu wa harusi. Alianza na pacha. Sauti nene. Imeshiba. Ilitoka kama mtu anayeongea na blanketi kwa mabega. Akikwaruza kwa nguvu inalia vizuri, haichomi masikio. Baba Mutinda akasema, "Hii iko na kifua."

Halafu akatoa pacha, akarudisha nyembamba, wimbo ule ule. Loo. Ni kama ganda la mbaazi linapasuka juani. Kila uzi peke yake. Susu, na vile masikio yake yamechoka, aliinua kichwa. "Hii inaniita kwa jina," akasema.

Mutinda alinigeukia. "Mwaitu, mama yangu, wewe unasemaje?"

Nikasema nyembamba. Kwa pacha, akishika nyuzi tatu nasikia kitu kimoja, kama mahindi ya muthokoi yaliyoiva yakapita. Kwa nyembamba nasikia kila kidole chake. Navijua hivyo vidole, mimi ndiye nilikuwa navikata kucha.

Alicheka akasema ni hiyo basi. Nilijisikia mtu mkubwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Amerudisha pacha Tawa. Kuna mtu alikuwa anaingojea, fundi akaifunga kwa gitaa yake hapo hapo. Nimeosha shati la kanisa.

Jumapili, 10 Agosti

Aibu. Sijui niandike nini.

Kanisa la Tawa walimwomba Mutinda apige wimbo mmoja. Huko wana jenereta, na zile taa ndefu nyeupe darini. Alipochomeka tu gitaa, ikaanza kunguruma. Si kidogo. Kama mashini ya kusaga mahindi. Mchungaji alinyamaza katikati ya neno. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mutinda, tulete debe tusagiwe?" Watu wakacheka ndani ya nyumba ya Mungu.

Kwetu ilikuwa safi kama maji!

Fundi alitueleza nje. Ile sumaku nyembamba inashika nyuzi, na inashika pia stima inayopita kwa kuta na kwa taa. Zile mbili za pacha, kelele ya moja inafuta ya mwenzake. Akauliza, "Kwani mlizijaribia wapi?"

Na betri, uani. Betri haingurumi. Sisi tungejuaje? Huku mlimani hakuna stima. Na ile kanisa ya Kitui, fundi anasema, taa zimejaa ukuta hadi ukuta.

Baba Mutinda alipanda mlima wote bila kusema neno. Karibu na nyumba akasema, "Nilisema kifua." Hilo tu. Heri angenigombeza.

Jumanne, 12 Agosti

Nilienda mwenyewe kwa fundi, nikamwomba kama ninaomba maji. Pacha imeenda Nunguni na mwenyewe, ingine hana.

Mutinda hajanilaumu. Hilo ndilo linaniumiza. Amepanga nguo zake, na zimezidi za mtu anayeenda siku mbili. Amefunga hata blanketi. Nimeelewa. Ikinguruma Kitui hatarudi huku kuchekwa, atapitiliza mpaka Mombasa.

Bwana, huyu uniachie.

Jumatano, 13 Agosti

Asante. Asante. Nitaandika pole pole nisiruke kitu.

Leo kina mama walikuwa na mkutano kanisani Tawa, jenereta inawaka. Walipomaliza wakamruhusu Mutinda ajaribu tena. Alikuwa ameacha sweta, nikamfuata nayo, na viazi kwa kyondo. Nilisikia ile ngurumo kutoka barabarani.

Nikasimama mlangoni. Aliona kivuli, akageuka na gitaa yake kifuani aone ni nani. Ngurumo ikanyamaza.

Nilifikiri jenereta imezimika. Taa zinawaka. Mutinda alitazama gitaa, akanitazama mimi. Akageukia madhabahu, ikanguruma. Akanigeukia mimi, kimya. Madhabahu, ngurumo. Mama yake, kimya. Tangu Jumapili hakuwa amecheka, leo alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwaitu, usitoke hapo!"

Nilisimama hapo na kyondo mkononi mpaka wimbo ukaisha. Sauti ilikuwa ile ya uani. Kila kidole.

Tulipita kwa fundi. Alijipiga paji la uso. Anasema ndiyo, ile nyembamba inasikia stima zaidi ikielekea upande mmoja kuliko mwingine, na yeye alikuwa amesahau kabisa. Sawa. Mimi najua ni nani aliyenituma na sweta.

Ijumaa, 15 Agosti

Ameenda. Nimemwambia, kabla ya kupiga, zunguka pole pole kama mtu anachagua pa kujenga. Ikinyamaza, simama hapo hapo, hata kama umeelekea choo. Baba Mutinda alimshika mkono kwa muda mrefu. Blanketi ameenda nalo.

Nimeunguza maharagwe.

Jumamosi, 16 Agosti

Hakuna neno.

Jumapili, 17 Agosti

Hakuna neno. Kanisani niliimba bila kusikia ninachoimba. Susu ameuliza kama Mutinda ameenda kwa Kimeu. Nilimwambia hapana, kwa sauti kali. Nimemwomba msamaha na kumpelekea uji.

Jumatatu, 18 Agosti

Mbaazi zimeisha kupukuchuliwa. Nimezipepeta, nikazipepeta tena. Kila anayepanda njia ya chini namtazama miguu kwanza. Sio yeye.

Jumanne, 19 Agosti

Wamemchukua!

Neno limeletwa na Mama Ndanu, yule wa kuuza machungwa. Alikuwa soko la Kitui na Mutinda alimtafuta mwenyewe. Aliingia bila hodi. "Mama Mutinda, weka chai, nina maneno mengi na koo imekauka."

Anasema taa zilikuwa nyingi na gitaa ilinguruma vibaya. Wazee wakaanza kukunja nyuso. Mutinda akaanza kuzunguka. Akazunguka, akazunguka, mpaka akawa amewapa wazee mgongo, uso kwa ukuta. Hapo ikanyamaza. Mama mmoja wa kwaya akaita, "Kijana, kwani mama mkwe wako amekaa huku?"

Watu waliangua kicheko, kwa sababu kwetu mwanamume hatazamani na mama wa mke wake, ni nthoni. Mutinda naye akacheka, na akapiga akicheka, na vidole vikafunguka. Mzee wa kwaya alisema amtazame yeyote anayetaka. Wengine waliopiga kabla yake, gitaa zao nene zilikanyaga waimbaji. Hii inapita katikati ya sauti za watu bila kumgusa mtu.

Ameanza kazi karakana. Analala kwa Ndunge. Na jina wamempa: Mkwe.

Baba Mutinda alisikiliza yote. Halafu akaniambia, "Nyembamba nayo iko na kifua chake." Nimemsamehe ule mlima wote.

Jumapili, 24 Agosti

Nyumba kimya. Msumari wa gitaa uko ukutani, nimeuning'inizia ungo.

Susu ameota jua, ameuliza yuko wapi yule wa kumwita kwa jina. Nikamwambia yuko Kitui, anakula kwa Ndunge. Akasema vizuri.

Namshukuru Mungu kwa patasi ambayo haikupasua ubao. Kwa ile sweta iliyosahauliwa. Kwa yule mama wa kwaya na mdomo wake. Kwa Mama Ndanu aliyepanda mlima na koo kavu. Neno lilifika kwa siku chache tu, nami nilikuwa karibu kufa. Sijui nimeishije hii miaka ingine.

Kimeu, nakusalimu. Susu ni mzima, anauliza juu yako. Baba yako ni mzima. Ndunge ana mtoto, humjui. Ndugu yako amepata kazi, si mbali. Mimi pia ni mzima, na sasa najua kuandika. Hakuna aliyekasirika na wewe hapa. Geuka tu kidogo upande huu. Tuma neno, hata liwe moja, hata na muuza machungwa. Upesi.