Pamba Ndani ya Chupa ya Dawa

Mjukuu wangu Akinyi,

Mombasa wanakutunza? Hapa Ahero mafuriko yameshuka, na mama yako amerudi kuuza nguo sokoni Kibuye.

Umeniuliza kwa nini mimi, dani yako, nimezeeka kumpita dada yangu mkubwa. Daktari anasema virusi vya ukimwi, hata vikilazwa na dawa, huuchosha mwili polepole, na zile dawa za zamani nazo zilidhoofisha mifupa. Hata kusahau kunaweza kuja mapema.

Nilipoanza dawa nikiwa mama kijana, sisi wagonjwa tulijaza pamba kwenye chupa ili tembe zisilie mkobani, watu wasijue. Wakati huo niliogopa kufa kabla ya kuota mvi. Mvi zimeota, na woga umehamia kwingine. Juzi nilisimama jikoni nimeshika chupa, sijui kama nimeshameza.

Basi nimeitoa ile pamba. Acha zilie, nyumba nzima isikie, na siku wasiposikia waniulize. Nawe ukipiga simu jioni, niulize, "Dani, umemeza?" Na siku nitakapokuuliza wewe ni nani, tafadhali usikate.

Ni mimi, dani yako.