Barua ya Mume wa Mama Kulwa

Mjukuu wangu Kabula,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Ngokolo hatujambo. Babu yako hamsalimii mtu bila kumtajia mjukuu wake anayefundisha fasihi ya Kichina chuo kikuu. Nami simkatazi.

Unauliza kama ulainishe maneno makali ya mwandishi unayemtafsiri. Miaka ya hamsini, kule Maganzo, wanawake waliniletea barua niwasomee. Mume wa Mama Kulwa aliandika kutoka machimbo ya Geita kwamba harudi tena. Nilimwonea mkewe huruma, nikasoma, "Nakukumbuka sana, mke wangu mpenzi."

Akanikazia macho. "Huyo siye mume wangu. Nisomee alichoandika!"

Nikasoma. Alilia. Lakini tangu siku hiyo hakumpelekea mtu mwingine barua zake amsomee.

Kitabu kikitoka, niletee. Kichina sikijui, ila ukilainisha nitajua.

Bibi yako