Ndiyo za Nyumba Nane

Alhamisi, Mei 2014. Ukungu umekaa kijijini kwetu Busunzu hadi saa nne asubuhi, na mimi nimeamka nikiwa simwamini mtu yeyote.

Wiki nzima nimekuwa mkalimani. Profesa Helen ametoka chuo kikuu cha nje kuja kupanga safari ya masomo: mwezi wa saba ataleta wanafunzi wake wanane wakae hapa wiki tatu, kila mmoja kwenye nyumba yake, wajifunze kilimo na maisha yetu. Ameongozana na Dokta Msuya, mhadhiri wa Dar es Salaam. Wazee wakisema Kiha, mimi nakigeuza Kiswahili, Dokta anakigeuza Kiingereza, Profesa anaandika. Wameniahidi kazi hiyohiyo wanafunzi wakifika. Tangu nimalize kidato cha nne, hakuna mwingine aliyeniahidi kitu.

Lakini anaandika nini?

Amepima vitanda kwa futi kamba. Amepiga picha vyoo. Ameuliza ni dakika ngapi hadi hospitali, na kama milango ina komeo kwa ndani. Jirani yetu Mama Bukuru alinicheka: "Huyo profesa wako anapima kitanda, kwani anakuja kuolewa huku?"

Nilicheka, ila wasiwasi ulibaki. Fomu ya wenyeji ina kurasa tatu, na Dokta aliifasiri kwa sentensi mbili. Niliomba nakala, nikaisoma polepole na kamusi. Mwanafunzi anaweza kuhama nyumba wakati wowote bila kutoa sababu. Mwenye nyumba hakupewa nafasi kama hiyo. Kwa nini Dokta aliliruka hilo?

Jana ilikuwa zamu ya kwetu, nyumba ya nane. Profesa alikipenda chumba cha bibi kwa sababu kina dirisha kubwa. Bibi siku hizi hainuki mpaka ashikwe mkono. Mama akapiga makofi taratibu, akasema karibuni sana, nyumba ni yenu. Nikafasiri: amekubali.

Nilimshuku hata mama. Nilidhani wamemwahidi kitu kwa siri.

Leo asubuhi nikiwa nakoroga uji, Mama Bukuru akaja akanivuta kando. "Mama yako kanituma. Bibi hatoki chumbani mwake. Kawaambie wageni wako."

Nikamfuata mama kwenye migomba. Kwa nini hakusema jana? Akanitazama kana kwamba hanijui. "Mgeni anakataliwa usoni? Wewe umelelewa wapi?"



Desturi hii naijua tangu utoto. Kwetu mgeni akishakaa haambiwi hapana. Hapana inamfikia baadaye, kwa mdomo wa mtu mwingine. Naijua, na bado wiki nzima nimekuwa nikisema "amekubali, amekubali," nikifurahia jinsi Profesa anavyoitikia kwa kichwa.

Nilipanda bodaboda hadi nyumba ya wageni Kibondo. Nilijua nikisema, wanaweza kutafuta mkalimani mwingine. Dokta alikuwa ndani anakunywa chai. Profesa alikuwa amesimama kando ya gari, wanajiandaa kwenda kuona chuo cha ualimu Kasulu. Kiingereza changu cha darasani kikatoka vipandevipande, macho yangu yakiwa kwenye matairi. Bibi yangu. Chumba. Hapana. Samahani.

Nilitegemea atanuna. Alifungua daftari, akalikata jina la mama kwa mstari mmoja, akanishukuru. Kisha akauliza, taratibu sana: "Na zile saba?"



Nikamwona ananitazama vile nilivyokuwa nikimtazama yeye wiki nzima. Siwezi kusema ananionea.

Safari ya Kasulu imeahirishwa. Kesho saa mbili watanipitia na gari, turudi nyumba zote saba. Hakusema kama kazi ya mwezi wa saba bado ni yangu, na sikuthubutu kuuliza. Fomu bado siiamini. Dokta pia. Ila kesho nitaisoma yote kwa Kiha, kurasa zote tatu, hata Dokta asipopenda.

Nitawaomba wao wabaki barabarani. Nitaingia peke yangu, kwa mlango wa jikoni.

Mimi si mgeni. Mimi wanaweza kunikatalia.