Waliotibiwa na Walio Hai

Mikumi,
3 Mei 1976

Mdogo wangu Donati,

Yunis amepoteza kuona kwa jicho la kulia tangu Jumapili ya Mitende. Uvimbe aliotolewa kichwani mwaka jana umerudi, na daktari wa Kilosa anasema hana tena la kumfanyia.

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mama hajambo. Mgahawa nilioujenga kwa mikono yangu sasa ni wa kijiji, na chai yake ni maji matupu.

Haya, hayo majaribio ya hospitali yenu huko Ulaya, ya kupiga mionzi uvimbe uliorudi huku mgonjwa anameza dawa. Mara mbili nimekuuliza wametibiwa wangapi, na wangapi wako hai baada ya mwaka. Unanijibu, "Kaka, kuna matumaini." Nimeuliza idadi mimi! Yunis mwenyewe anacheka: "Baba, muulize baba mdogo kama wananyoa kichwa chote au upande mmoja, nijue nichukue kilemba gani." Safari yake ni Jumatatu tarehe 24.

Najua kwetu mdogo hamwandikii mkubwa habari mbaya. Hutumwa mtu mzima, akaketi kwanza, akanywa maji, ndipo akasema. Huko huna wa kumtuma, basi heshima hiyo nimekuondolea. Kama wengi wanakufa, wangu atafia mikononi mwa mama yake.

Ijumaa tarehe 21, saa nne asubuhi, nitakuwa posta ya Kilosa. Nitumie telegramu yenye namba mbili: waliotibiwa, na walio hai. Nikisoma tena neno matumaini, Yunis hapandi ndege.

Kaka yako,
Makarius