Kona ya Kitambaa cha Mama Mkwe

Rahab, uko? Usicheke.

Unajua ile kitambaa ya meza ya mama mkwe, ile anaambianga watu alishona na mikono yake akiolewa huko Mukuyuni? Ilikuwa inanuka uvundo wa sanduku, na kesho Pasta anakuja lunch. Nikasema wacha niioshe polepole. Maji baridi, sabuni ya mtoto, siki kidogo, bila kukamua.

Harufu imeisha kabisa. Lakini kona moja ilikuwa imekunjwa na kushonwa, na ule uzi umezeeka. Ukakatika ndani ya beseni, kona ikafunguka. Imeandikwa na uzi nyekundu: MEZA YA BWANA. ISITOKE KANISANI.

ISITOKE, Rahab! Na mama mkwe ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani!

Kugeuka, amesimama nyuma yangu.

"Nani alikutuma uoshe?"

"Mum, hii ni ya kanisa?"

"Tuliazima."

"Lini?"

"Kabla Kyule azaliwe."

Huyu bwana yangu Kyule ako na mvi!!

Akasema tu, "Leta sindano."

Saa hii nashona kona ikiwa bado inatona maji, yeye anachunga mlango akiimba wimbo wa toba. Na kesho Pasta atabariki chakula juu ya kitambaa ya kanisa yake mwenyewe.