Aliyeniita Moraa

Mjukuu wangu Kerubo,

Pokea salamu kutoka hapa Nyamira. Mama yako ni mzima na chai tunachuma, ila mvua imezidi. Jana tulimzika Bosibori kule Marani, yule rafiki yangu niliyekua naye tangu utotoni.

Uliniuliza kwenye simu kama moyoni bado najiona msichana. Ngoja nikueleze.

Nilipokuwa mdogo kuliko wewe, nilimsindikiza nyanya yangu sokoni Nyakoe kuuza ndizi. Nyumbani hakuna aliyemtaja kwa jina lake. Mwanamke akishazaa, huku kwetu huitwa mama wa mtoto wake. Ghafla bikizee mmoja akapaza sauti, "Nyaboke!" Nyanya akatupa mkongojo. Wakashikana mikono, wakarukaruka kati ya mikungu ya ndizi wakicheka, mpaka nikaona haya nikageukia pembeni. Tukirudi akaniambia, "Huyo akifa, ndipo nitazeeka." Nilidhani ni utani.

Magoti yangu yalizeeka zamani, Kerubo, lakini mimi sikuzeeka. Kila Bosibori aliponiita Moraa, nilikuwa msichana tena. Jana pale kaburini watu walinipa pole vizuri, na wote waliniita Mama Ombati.

Wewe ni mjukuu, una ruhusa ya kunitania. Ukipiga simu Jumamosi tukishatoka kanisani, niite Moraa. Nitaitika.

Nyanya yako,
Moraa